Etellum, Mbeba Majina ya Miaka

Leo, sikukuu ya kupanda shayiri, Mzee Etellum anapumzika baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Nyumba ya Mbiu ya mji wetu wa Kar-Ishtaran. Aliingia kazini mwaka ambao mfalme alichimba kisima cha hekalu. Anatoka mwaka ambao mfalme alimtengenezea mungu kiti cha enzi cha shaba. Kati ya kisima na kiti amewatumikia wafalme wawili, amezika punda kadhaa, na amepasua pembe tatu kwa kupuliza. Ya nne ni nzima, na inarudi ghalani pamoja na kamba yake, kama kanuni inavyotaka.

Waajiriwa wapya hudhani kwamba mpiga mbiu anachohitaji ni koo. Koo hata punda analo. Kazi yenyewe ni kulibeba jina la mwaka kutoka ikulu hadi kijiji cha mwisho cha mfereji wa mwisho bila kulimwaga njiani. Mwaka wetu huzaliwa hauna jina. Miezi ya mwanzo watu huuita “mwaka unaofuata ule wa kitu fulani”, wakaoana nao hivyo hivyo, wakauziana mashamba nao hivyo hivyo, mpaka wakubwa wa ikulu wakae, watazame mfalme amefanya jambo gani la kutajika, na waseme: mwaka ni huu. Hapo ndipo Etellum alipofunga kamba za viatu.

Kila kijiji kilimpokea kwa desturi moja. Alipuliza pembe, akalitaja jina, akasema, “Jina limefika.” Watu wakajibu kwa pamoja, “Limepokelewa.” Kisha mkubwa wa kijiji akabonyeza upindo wa nguo yake kwenye donge la udongo mbichi, na donge hilo Etellum akatuletea sisi mafundi wa udongo liwe ushahidi. Pasipo jibu na pasipo upindo, mwaka haujafika kijiji hicho, jua lichomoze litakavyo.

Jina hutoka ikulu kwa lugha ya kale ya mahekalu, ambayo wanaoielewa ni makuhani wachache na wafu wote. Etellum alilitamka kwanza kwa lugha hiyo, neno kwa neno, uso umekazwa kama ngozi ya ngoma. Halafu alivuta pumzi na kulirudia kwa lugha ya jikoni. Mwaka mmoja jina lilikuwa refu kuliko mfereji: mfalme, mpendwa wa mbingu, mchungaji wa watu wenye vichwa vyeusi, aliyezitia hofu pande zote nne za dunia, alinyanyua ukuta ambao kilele chake kinashindana na milima. Etellum alimaliza, akawatazama watu waliokwisha kusinzia, akasema, “Amejenga ukuta. Mrefu. Umeisha.” Waliitikia kwa kishindo kilichofukuza njiwa.

Wajawazito walimpenda na kumwogopa, maana hakuna mama anayetaka mwanawe azaliwe mwaka wenye jina la balaa. Huko kwenye vijiji vya mitende mama mmoja alimdaka mkono kabla hajashusha mzigo.

“Baba Etellum, mwaka unakuja na jina gani? Nizae au ningoje?”

“Ngoja hadi kesho, mama. Leo hapa bado ni mwaka unaofuata ule wa nzige.”

“Na kesho je?”

“Kesho ni mwaka wa kinubi cha fedha.”

Mama alibana mpaka asubuhi. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima, na ni mpiga kinubi mbaya kuliko wote wa hapa mjini, lakini hilo halimhusu Etellum.

Mwaka mwingine sauti ilimkauka njiani, ikabaki mluzi. Kanuni haisemi mpiga mbiu akikauka afanyeje, kwa hiyo alimchukua binti yake wa pekee, Lamassi, aliyekuwa tayari msichana wa kuposwa, akampandisha juu ya punda. Lamassi aliutangaza mwaka vijiji vyote vilivyosalia. Pi-Narim, kijiji cha mwisho cha mfereji wa chini, kijana mmoja alisikia sauti hiyo akauliza kama mwenye sauti ana mchumba. Rafiki zake walimcheka: “We, huyo akikuita ule chakula si kijiji kizima kitakuja?” Alijibu kwamba mke wa namna hiyo hapotei shambani. Wakaoana kabla mwaka haujapata mwenzake. Etellum alirudi mjini na punda, madonge yake, na jina la mkwe; Lamassi alibaki Pi-Narim.

Msimamizi wetu, Bwana Nabi-ilishu, ameagiza wasifu huu uwe wa furaha. Hadi hapa umekuwa.

Pi-Narim iko chini kuliko mto wenyewe. Kinachowatenganisha watu wake na Frati ni ukingo wa udongo na matete. Kila kipupwe wanaume wa huko huzoa tope mferejini na kuujaza ukingo palipolegea. Si kazi ya sifa. Hakuna mwaka uliowahi kupewa jina lake.

Kipupwe cha mwaka jana ikulu ilihitaji watu wa kuvuta jiwe la kuwekea kiti cha mungu, kutoka gatini hadi hekaluni. Etellum alitumwa na mbiu ya kuwaita. Alipofika Pi-Narim, Lamassi alikuwa mbele ya watu wote, mikono yake imejaa unga hadi kwenye viwiko.

“Baba, mnawataka wote?”

“Wote wenye mabega, mwanangu.”

“Na ukingo ataujaza nani? Bata?”

Watu walicheka, na Etellum akacheka nao. Kwa kuwa alizoea kuondoka mahali akiwa amewaacha watu na kicheko, alijibu, “Mungu akishapata kiti kirefu, atayaona maji yakija kwa mbali.”

“Kuona si kuziba, baba,” Lamassi alisema.

Wanaume waliondoka kesho yake, mume wa Lamassi akiwa miongoni mwao, kila mmoja na kamba yake na mkate wake.

Mwaka uliofuata, yaani huu tulio nao, ulikuwa na mambo. Simba aliingia kwenye bustani ya mitende ya hekalu akalala nusu siku, kisha akaondoka mwenyewe. Makuhani wakasema tumemshinda. Mwezi ulipatwa, tukapiga sufuria za shaba mpaka ukaachiwa. Kondoo alizaa mwana mwenye vichwa viwili, na vyote viwili vilinyonya. Jeshi letu liliuteka mji ambao, ilipochunguzwa, ulikuwa wetu tangu zamani. Kiti cha enzi kilikamilika, na mfalme mwenyewe alishika kamba kwa muda wa kutosha kuonekana. Na mwezi wa pili, shayiri ikiwa kiwanjani inapurwa, Frati ilipasua ukingo wa Pi-Narim mchana kweupe.

Waliokuwapo ni wanawake, wazee na watoto, kwa kuwa jiwe lilikuwa bado halijapanda ngazi za hekalu. Waling'oa milango ya nyumba zao, wakachukua miganda ya shayiri, wakaisukuma kwenye ufa. Ufa ulimeza miganda, ukameza milango, kisha ukameza walioishika. Watu wa vijiji vya juu wanasema walimsikia Lamassi akiita. Walikimbia. Walipofika, palikuwa na maji, na juu ya maji kulikuwa na makapi.

Etellum hakuomba ruhusa ya msiba. Alizika alichoweza kukizika, akarudi, akafanya kazi yake kimya hadi siku ambayo ikulu ilitaka maoni ya Nyumba ya Mbiu kuhusu jina la mwaka. Hapo alisimama mbele ya Bwana Nabi-ilishu, nasi sote tukiwa tumechutama kwenye udongo.

“Bwana, naomba uitwe mwaka wa kupasuka kwa ukingo wa Pi-Narim.”

“Mzee Etellum, tumekupa pole, na tunakupa tena. Lakini mwenyewe unajua. Mwaka hupewa jina la jambo alilolifanya mfalme.”

“Hili nalo kalifanya.”

Chumba kizima kiliacha kukanda.

“Sijasikia,” alisema Bwana Nabi-ilishu.

“Basi nilete pembe?”

Msimamizi aliinuka, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akarudi akiwa ameshusha sauti. Tuseme kweli, si mtu mbaya. “Mzee wangu, usijiue. Kiti ni cha mungu. Unataka tukamwambie mungu kwamba tumemruka kwa sababu ya tope?”

“Mwambieni wazoa tope walikuwa wanavuta jiwe lake. Atakumbuka.”

“Etellum!”

“Nataka kujua kitu kimoja tu, bwana. Watu wa Pi-Narim wakiulizwa watoto wao walikufa mwaka gani, waseme nini? Mimi nikiulizwa, niseme nini? Mwanangu alikufa mwaka wa kiti?”

Bwana Nabi-ilishu alisema ataliwasilisha. Huenda aliliwasilisha. Jina lilitoka ikulu baada ya siku chache, refu na zuri, na kiti kilikuwa ndani yake chote, na miguu yake minne, na vichwa vya simba kwenye mikono yake.

Wapo miongoni mwetu waliodhani Etellum atakataa kulibeba. Hakukataa. Alinawa miguu, akamtandika punda, akaondoka na mchunga punda wetu, Kubburum, ambaye ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Kijiji hadi kijiji alilitamka jina kwa lugha ya mahekalu bila kuruka neno, kisha kwa lugha ya jikoni: “Mfalme amemtengenezea mungu kiti.” Basi. Watu walingoja utani. Mahali pengine mtu alisema, “Mzee, mwaka huu hukututilia chumvi,” naye akajibu, “Chumvi iliachwa na maji mashambani.” Waliitikia. Walibonyeza pindo zao. Madonge yalijaa kikapu.

Pi-Narim waliifikia mwisho. Kilichosalia ni vibanda vya matete juu ya kilima cha makaburi, mahali pekee palipobaki pakavu. Wazee walikuwa wamekwenda na maji, kwa hiyo mkubwa wa kijiji sasa ni Mama Tabatum, mama yake mume wa Lamassi. Etellum alipuliza pembe. Watu walitoka wakasimama. Alilitamka jina lote, mara ya kwanza kwa makuhani na wafu, mara ya pili kwao.

“Jina limefika,” alisema.

Hakuna aliyejibu. Kanuni inasema mpiga mbiu arudie, akarudia.

“Jina limefika.”

“Tumekusikia, mkwe,” alisema Mama Tabatum. “Sisi si viziwi. Ila hapa halina pa kukaa. Mwaka wetu una jina lake tayari, na hatukuletewa na mtu juu ya punda.”

“Mkwe, mimi ni mdomo tu.”

“Najua. Na kipupwe kile ulikuwa mdomo tu.”

Kubburum anasema hapo punda alianza kula matete ya kibanda cha mtu na hakuna aliyemfukuza. Etellum alilitoa donge la udongo, akalishika kwa mikono miwili.

“Nipe upindo, mkwe. Nirudi nao.”

“Upindo gani? Nguo zilikwenda na milango.” Mama Tabatum alikuwa amejifunga gunia la makapi, na gunia halina upindo. Alimtazama mzee yule na lile donge lake, na sauti yake ikashuka. “Njoo ule. Mbiu ndiyo iliyokataliwa. Wewe hujakataliwa.”

Walikula samaki wa topeni na vitunguu. Mkwewe wa kiume, yule kijana aliyempenda mtu kwa sauti, alikaa ubavuni mwake. Mabega yake yalikuwa bado na alama ya kamba.

Tangu Nyumba hii iwepo, hakuna donge lililowahi kurudi bila alama. Bwana Nabi-ilishu aliligeuza upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta mdudu kwenye tende.

“Hili ni la wapi?”

“La Pi-Narim. Hawakuitikia.”

“Umechoka na safari. Waliitikia polepole, nawe masikio ni ya zamani.”

“Nilimsikia punda akitafuna, bwana. Wangeitikia ningewasikia.”

“Sawa. Tusipelekane mbali.” Alilisukuma donge mbele yake. “Lina unyevu bado. Bonyeza upindo wako. Nguo ni nguo. Nani atajua?”

“Siwezi.”

“Miaka thelathini na moja, mzee! Unaitupa kwa donge moja la udongo? Wiki ijayo ikulu wanataka kusikia kwamba jina limepokelewa kila mahali. Nikawaambie nini, kwamba kuna kilima kimoja ambako mfalme hajatengeneza kiti?”

“Waliponiuliza habari ya ukingo, niliwajibu mzaha,” alisema Etellum. “Safari hii wamejibu wenyewe. Sitawabadilishia jibu lao.”

Siku iliyofuata iligundulika kwamba Mzee Etellum amezeeka.

Tunachukua nafasi hii kumpongeza Kubburum kwa kupandishwa cheo kuwa mpiga mbiu. Safari yake ya kwanza ilikuwa Pi-Narim, na hakwenda peke yake. Alipewa wafua nguo wa ikulu, watu wenye vifua. Walipangwa juu ya ukingo uliopasuka, jina likatajwa, wakaitikia “Limepokelewa” kwa sauti iliyovuka mto. Wenyeji walikuwa bondeni wakichimbua mashamba yao. Waliinua vichwa, wakatazama, wakarudi kwenye majembe. Donge lao liko kwenye rafu yetu, na yeyote anaweza kulitazama. Lina alama ya upindo wa kitambaa laini chenye nakshi, ambacho Pi-Narim haijawahi kukivaa, ila Kubburum anasema alama ni alama. Kwa hiyo mwaka umefika kila mahali, na mashauri yamefungwa.

Nyumba ya Mbiu inamkabidhi Mzee Etellum joho la sufu, gudulia la bia na kondoo dume. Mafundi wa udongo tumeongeza mkeka, ambao haumo kwenye kanuni. Ikulu nayo, kwa haki ya kila mstaafu, imempa shamba. Imemchagulia Pi-Narim, kwenye mfereji wa chini, sehemu ambayo bado iko chini ya tope. Nadhani walitarajia alalamike. Alipiga goti akashukuru, na walioona wanasema alishukuru kwa moyo. Kitanda chake alishakipeleka mwenyewe. Mama Tabatum alipokiona kikishushwa alimuuliza, “Mkwe, zaidi ya kupiga kelele unajua kazi gani?”

“Kubeba udongo nitajifunza.”

“Na mto ukinyanyuka?”

“Hapo nitapiga kelele.”

Tumuage, basi, huku tukiwa na habari moja mpya ambayo tumeipata asubuhi hii. Imeonekana kwamba kiti kile ni kirefu mno, na mungu anahitaji ngazi za kukipandia. Kubburum anaondoka kesho na mbiu ya kuwaita wenye mabega kutoka vijiji vyote vya mifereji, Pi-Narim ikiwamo. Wanaosamehewa ni wagonjwa na wastaafu. Kwa hiyo kipupwe hiki ukingo wa Pi-Narim utakuwa na mwanamume mmoja.

Asante, Mzee Etellum, kwa kila jina ulilotufikishia, na kwa lile moja ulilokataa kusema limepokelewa. Tunakuombea mgongo wenye afya, udongo mzito, na mto mvivu.